Wajina

Jana jioni nilisasisha. Amri moja tu,
na mistari ikashuka kimya kwenye skrini
kama theluji iliyokuwa ikishuka dirishani:
inapakua, inasakinisha, imekamilika.
Nikaenda zangu kupasha supu ya njegere.

Leo asubuhi, Kuressaare, nyuzijoto kumi na mbili chini ya sifuri,
seva haisimami.
Inaamka, inasema inatazama mabadiliko,
inaanguka. Inaamka. Inaanguka,
kama mlevi anayetafuta mkono wa koti lake.

Tovuti yenyewe ingali hai, watu wanaazima vitabu.
Iliyokufa ni hii ya majaribio, ya mezani kwangu,
isiyoonwa na mtu.
Ndiyo maana inauma: hakuna wa kunipa pole.

Nimefunga mlango elfu nane, nikafungua elfu nane na moja.
Nimeusaka mzimu wa mchakato wa jana,
labda umekalia kiti;
kiti kitupu.
Nimefuta mafaili ya muda, nimezima, nimewasha,
nimefanya yote tunayoyafanya
ili tusilisome kosa lenyewe.

Kosa lina mistari arobaini na mmoja.
Linasimulia kama shahidi anayeanzia siku aliyozaliwa:
huyu alimwita yule, yule akamwita huyu,
na jina la mwuaji liko chini kabisa.
Mimi nilisoma juu, nikachemsha kahawa.

Triin wa dawati la kuazima amechungulia mara mbili.
"Basi la vitabu linatoka saa nne. Njia ya Kihelkonna imejaa theluji,
ratiba lazima ibadilike.
Toleo la zamani, si lilikuwa linafanya kazi?"
Lilikuwa. Namjibu kwa kidevu.

Sasa nasoma chini.
*Kalenda haina kitu hicho.*
Kalenda gani?

Lugha hii ina jina la chatu, na chatu ana kalenda yake,
ameimeza tangu utotoni, haijawahi kumpotea.
Lakini ukimwita mtu kwa jina
chatu hutazama kwanza chumbani mwako,
ndipo atazame tumboni mwake.
Na chumbani mwangu, nyuma ya mafaili mia mbili,
yupo Kalenda mwingine,
ameketi tangu mwaka elfu mbili na kumi na moja,
anaitika.

Miaka yote hiyo hakuna aliyewaita wote wawili asubuhi moja.
Toleo jipya limebisha hodi, likasema "Kalenda!"
akatoka asiye yeye.

Kikulacho. Sihitaji kumalizia.

Ni faili la Urmas Pihel, aliyekuwa hapa kabla yangu,
ambaye siku hizi anafuga nyuki Orissaare na hapokei simu.
Nalifungua. Nilitarajia tarehe.
Kati ya mistari ya amri ameacha maelezo, kwa herufi ndogo:

*Jumatano ya tatu, Kihelkonna. Bi Aime anataka maandishi makubwa.
Asipewe vita.
Piga honi kwanza, mbwa hafungwi.*

Nimembadilisha jina. Sasa anaitwa Siku za Basi.
Nimepita mahali kumi na tisa alipokuwa akiitwa,
nikawaambia mmoja mmoja,
kama anayehamisha kaburi na kuwaarifu jamaa.
Pa ishirini nilipasahau; pakanikumbusha.

Kisha seva ikasimama.
Hakuna shangwe. Mstari mmoja, na alama inayopepesa
kama jicho la mtu aliyekuwa macho muda wote.

Saa tatu na dakika hamsini na moja. Ratiba imebadilika.
Triin anasoma nyuma ya bega langu, koti tayari mwilini.
"Yule mbwa alikufa," anasema. "Miaka sita sasa.
Bi Aime bado husubiri honi ndipo afungue."

Nimeuacha mstari.
Seva imesimama, nami siigusi.